Mashine inayogonga kwato: mawimbi ya mshtuko si shoti ya umeme

Kuna video fupi inayozunguka kwenye makundi ya simu ya wafugaji na waendesha mikokoteni hapa Dodoma. Inamwonyesha farasi mkubwa wa kahawia, kichwa kimeinama kama anayesinzia, na mtu aliyevaa glovu amemshika mguu wa mbele huku akimgandamizia nyuma ya ukwato kifaa kinachofanana na mashine ya kutobolea ukuta. Kifaa kinalia tak-tak-tak bila kukatika. Maelezo ya chini yanasema kwamba farasi huyo anatibiwa maumivu ya kisigino kwa "mshtuko", na neno hilo moja limetosha kuzua ubishi wa siku kadhaa. Wapo walioapa kwamba mnyama anapigwa shoti ya umeme, wapo walioona ni mateso yanayostahili kuripotiwa, na wapo, hasa wenye punda wanaochechemea, waliouliza mashine hiyo inauzwa wapi.

Chanzo cha mkanganyiko ni lugha. Katika Kiswahili cha kila siku mshtuko ni ule wa mtu aliyepata habari mbaya, au ule wa aliyegusa waya ulio wazi, au ule wa moyo. Mshtuko unaozungumzwa hapa ni wa kifizikia. Wimbi la mshtuko ni msukumo wa shinikizo unaopanda ghafla mno, katika sehemu ndogo sana ya milioni moja ya sekunde, kisha ukasafiri ndani ya hewa, maji au mwili kama sauti inavyosafiri. Tofauti yake na sauti ya kawaida ni kwamba sauti hupanda na kushuka kwa ulaini kama mawimbi ya bwawa, ilhali wimbi la mshtuko huja kama ukuta: mbele yake kumetulia, na mara moja shinikizo limefika kileleni.

Mfano ulio karibu zaidi ni radi za Januari. Radi inapopiga, hewa iliyo katika njia ya umeme hupata joto kali kwa muda mfupi sana na kutanuka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho ngurumo inayotingisha mabati ya nyumba yako. Umeme umepiga kwingine, pengine kwenye mbuyu ulio kilomita mbili kutoka ulipo. Kilichokufikia ni msukumo wa hewa peke yake, na hakuna mtu aliyepata kupigwa shoti na ngurumo. Wanaoishi karibu na machimbo ya mawe wanalijua jambo hilo hilo kwa njia nyingine, kwa maana baruti inapolipuliwa vioo vya madirisha hutetemeka bila kuguswa na jiwe hata moja.

Mfano wa radi unafaa kwa sababu nyingine pia. Baadhi ya mashine hizi hutengeneza mawimbi yake kwa kurusha cheche ya umeme kati ya ncha mbili zilizozama ndani ya maji, katika kichwa cha kifaa. Cheche hubaki humo humo ndani. Kinachotoka na kuingia mguuni ni kishindo chake, kilichokusanywa na kuelekezwa mahali pamoja, kama kioo kilichobonyea kinavyokusanya mwanga wa jua. Hivyo anayesema kuna umeme hajakosea kabisa. Amekosea tu kudhani kwamba unamfikia mnyama.

Tiba hii haikuanzia kwa farasi. Mwaka 1980, mjini Munich nchini Ujerumani, madaktari walitumia mashine iliyobuniwa na Dornier, kampuni ya kutengeneza ndege, kuvunja mawe ya figo ya mgonjwa bila kumpasua. Katika miaka iliyofuata watafiti walibaini kuwa mifupa iliyopitiwa na mawimbi hayo ilionyesha dalili za kujijenga upya, na madaktari wakaanza kuyajaribu kwenye mifupa iliyokataa kuunga na kwenye kano zilizoumia. Katika miaka ya 1990 madaktari wa mifugo wa huko Ujerumani wakaipeleka mashine zizini, kwanza kwa ajili ya kano za nyuma ya miguu, na baadaye kwa kile kinachoitwa maumivu ya kisigino.

Kisigino chenyewe nacho kina utata wake. Farasi hutembea kwa ncha ya kidole kimoja katika kila mguu, na ukwato ni ukucha wa kidole hicho. Lile tunaloliita goti la mguu wa mbele kwa hakika ni kifundo cha mkono. Mfupa unaolingana na kisigino cha binadamu uko juu kabisa katika mguu wa nyuma, kwenye ile pembe inayochomoza nyuma ambayo wengi huidhania kuwa goti lililogeuka. Watu wa farasi wanapotaja kisigino wanamaanisha sehemu ya nyuma ya ukwato, pale ukuta mgumu unapoishia na kuacha mafundo mawili laini kiasi. Kwa hiyo mtu anayeamka asubuhi akishindwa kukanyaga chini kwa sababu ya kisigino, na farasi wa kwenye video, wana maumivu yenye jina moja katika viungo visivyohusiana.

Ndani ya sehemu hiyo ya nyuma, umefichwa mfupa mdogo ambao wataalamu huuita navikula, jina la Kilatini lenye maana ya chombo kidogo cha majini, kwa kuwa umbo lake linafanana na mtumbwi. Chini ya mfupa huo inapita kano nene inayoshuka kutoka juu ya mguu na kujishikiza kwenye mfupa wa mwisho wa kidole. Aliyewahi kuchota maji katika kisima chenye kapi ameshauona mpangilio huu: kano ni kamba, mfupa mtumbwi ni kapi, na kati yake kuna kifuko chembamba cha majimaji kinachofanya kazi ya grisi. Kila farasi anapopiga hatua, kamba inavutwa na kuligandamiza kapi. Farasi wa kilo 500 hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele, na ndiyo maana tatizo hili huikumba miguu ya mbele mara nyingi zaidi, kwa kawaida yote miwili.

Sasa kapi likichakaa, au kamba ikianza kuchanika nyuzi, au kifuko cha grisi kikivimba, mnyama hubadilisha mwendo. Farasi mzima hutua kwa kisigino au kwa ukwato wote kwa pamoja, ilhali mwenye maumivu hutanguliza ncha ya mbele, hufupisha hatua, hujikwaa kwenye mawe, na akisimama hunyoosha mguu mmoja mbele ili kuupumzisha. Kwa kuwa miguu yote miwili inauma, hachechemei wazi wazi, na mwenye farasi anaweza kupoteza miezi akimlaumu kwa uvivu.

Daktari hutafuta chanzo kwa hatua. Huubana ukwato kwa koleo maalumu sehemu moja baada ya nyingine, akitazama ni wapi mnyama anavuta mguu. Kisha hudunga ganzi kidogo kwenye neva mbili za mguu mmoja zinazoshuka kwenda nyuma ya ukwato. Baada ya dakika chache farasi anatembezwa, na hapa hutokea jambo ambalo huwashangaza wengi: mguu uliotiwa ganzi unakanyaga vizuri, na ghafla farasi anaanza kuchechemea kwa mguu wa pili, ule ulioonekana kuwa mzima. Haumwi zaidi ya alivyokuwa akiumwa dakika tano zilizopita. Ni kwamba miguu ilikuwa inaumia sawa, na mizani imevurugika. Ganzi inamwambia daktari kwamba maumivu yako nyuma ya ukwato, lakini haimwambii kama ni mfupa, kano, kifuko au kiungo cha jirani. Kwa hilo panahitajika picha za eksirei, na kwa sehemu laini, kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu mjadala wa mtandaoni huruka moja kwa moja hadi kwenye mashine, ilhali mashine hupiga pale inapoelekezwa tu. Wimbi likielekezwa kwenye mfupa wakati kilichochanika ni kano, mwenye farasi amenunua kelele.

Siku ya tiba, farasi huchomwa dawa ya kumtuliza, na ndiyo maana yule wa kwenye video anaonekana kusinzia. Ukwato unakuwa umekwishachongwa na kulowekwa majini kwa saa nyingi, pengine usiku kucha. Sababu yake ni kwamba ukwato mkavu ni mgumu na huyazuia mawimbi, kwa hiyo daktari hutafuta milango miwili: pengo lililo kati ya mafundo ya kisigino kwa nyuma, na lile pande lenye umbo la herufi V chini ya ukwato, gumu mithili ya mpira wa tairi, ambalo likilowekwa hulainika. Kisha hupakwa jeli nyingi, ile ile anayopakwa mama mjamzito anapofanyiwa ultrasaundi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde katika hewa na mita 1,500 hivi katika maji, na mwili kwa sehemu kubwa ni maji. Wimbi likikuta utando wa hewa kati ya kifaa na ngozi, karibu lote hugonga mwamba na kurudi lilikotoka, kama kelele za mtu aliye ukingoni zisivyomfikia aliyezama bwawani. Jeli huziba pengo hilo. Halafu ndipo kifaa hugonga mara elfu moja au elfu mbili kwa dakika chache, na kazi nzima hurudiwa kwa kawaida mara tatu, kila baada ya wiki mbili au tatu.

Mashine zenyewe ni za aina mbili, na tofauti hii ina uzito kwa anayelipa. Ya kwanza hukusanya mawimbi na kuyalenga ndani kwa kina kilichopimwa, nguvu yake kubwa ikiwa huko chini wala si kwenye ngozi. Ya pili huwa na kipande cha chuma kinachosukumwa kwa hewa kugonga kichwa cha kifaa, kama nyundo na patasi. Nguvu yake ni kubwa juu ya ngozi na hupungua kadiri inavyoingia. Wanafizikia hawakubali hata kuiita ya pili wimbi la mshtuko, ingawa matangazo huziita zote jina moja. Mfupa mtumbwi umezama ndani ya ukwato, na kwa maoni yangu mtu anayeahidi kuufikia kwa nyundo ya juu juu anapaswa kuulizwa maswali.

Je, mawimbi yanafanya nini yakifika? Dhana iliyoenea ni kwamba yanavunja kitu, kwa kuwa yalianza kwa kuvunja mawe. Katika mguu hakuna kinachovunjwa, na nguvu inayotumika huchaguliwa isiharibu. Seli zinapotikiswa huitikia kama zinavyoitikia jeraha dogo: hutoa kemikali zinazoita mishipa mipya ya damu, na ukarabati uliokuwa umelala huamshwa. Anayepogoa mizabibu huko Hombolo au Makutupora anaielewa kanuni hii. Mkato mdogo, mahali sahihi, kwa wakati wake, huufanya mmea uchipue, na mikato mingi huuua. Kwa sababu hiyo hiyo dozi kubwa haimaanishi nafuu kubwa, na anayetaka mashine igonge muda mrefu ili "iingie vizuri" anaomba madhara.

Pamoja na ukarabati huo wa polepole, unaohesabiwa kwa wiki na miezi, kuna tokeo la pili linalokuja upesi. Mawimbi huzubaisha ncha za neva, na kwa siku chache baada ya tiba mnyama huhisi maumivu machache kuliko anavyostahili kuhisi. Hapa ndipo hatari ilipo. Farasi aliyekuwa akichechemea Jumatatu anatembea vizuri Jumatano, mwenye farasi anafurahi, anamtandika na kumkimbiza, na kano ambayo haijapona inachanika zaidi huku mnyama mwenyewe hahisi. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, lenye makao yake Lausanne, Uswisi, linapiga marufuku tiba hii wakati wa mashindano na katika siku 5 zinazotangulia. Wengi wakisikia marufuku hiyo hudhani ni kwa sababu mashine humwongezea farasi nguvu. Inamwondolea onyo la maumivu, basi, na mnyama wa kilo 500 anayeruka vikwazo bila onyo ni hatari kwake na kwa aliyempanda.

Kuhusu matokeo, ushahidi haulingani kwa kila ugonjwa. Kwa kano za nyuma ya mguu, ambako tiba hii ilianzia, sifa yake ni nzuri kiasi. Kwa mfupa mtumbwi, baadhi ya farasi hupata nafuu na wengine hawapati, na tafiti nyingi zilitumia wanyama wachache, nyingine bila kuwalinganisha na ambao hawakutibiwa. Mfupa uliokwisha kulika haurudi kuwa mpya. Daktari makini huitumia mashine kama msaidizi wa kazi ambayo haipigwi video: kuchonga ukwato ili ncha ya mbele isiwe ndefu, kuweka kiatu cha chuma kinachokiinua na kukitegemeza kisigino, dawa za kupunguza uvimbe, na mazoezi yaliyopimwa. Ncha ndefu ya ukwato huivuta ile kamba juu ya kapi katika kila hatua, na hakuna mashine itakayoshindana na hatua elfu kadhaa kwa siku.

Tukirudi kwa binadamu kwa kifupi, kwa kuwa swali hili huulizwa sana: mashine za aina hii hutumika pia kwa watu wenye maumivu ya kisigino, na Marekani iliidhinisha ya kwanza kwa kazi hiyo mwaka 2000. Huko kinachotibiwa ni utando mgumu unaotandazwa chini ya unyayo kutoka kisigino hadi vidoleni. Ule mwiba wa mfupa unaoonekana kwenye eksirei, ambao wagonjwa huogopeshwa nao, hausagwi na mashine na mara nyingi si wenye kosa. Nafuu ya mtu katika kisigino chake haithibitishi lolote kuhusu ukwato wa farasi, wala ya farasi haithibitishi lolote kuhusu mtu.

Halafu kuna punda, na hili ndilo swali halisi la Dodoma. Farasi hapa ni wachache, na wengi wetu tunawajua kwa kuwaona wa kikosi cha polisi cha mbwa na farasi. Uchache huo una sababu: tauni ya farasi, inayoenezwa na visubi, huua farasi wengi wanaoipata, na ndorobo hueneza nagana, ilhali punda huistahimili tauni hiyo vizuri zaidi. Kwa hiyo aliyevuta maji, kuni na matofali katika nchi ya Wagogo amekuwa punda. Ukwato wake umejengwa kwa mpango ule ule, ingawa ni mdogo na umesimama wima zaidi, na huwa anaficha maumivu kuliko farasi. Akianza kuchechemea mbele ya watu, tatizo limeshakuwa kubwa. Tatizo lenyewe mara nyingi ni kokoto, msumari, ukwato uliorefuka kupita kiasi, kuoza kwa sehemu ya chini wakati wa masika, au jipu.

Nilimwona mmoja katika kijiji cha Chamwino, amesimama kwa miguu mitatu chini ya mwarobaini, na mkokoteni wenye madumu umeachwa pembeni. Mwenye punda, mzee wa makamo ya babu yangu, aliitikia shikamoo zetu kisha akamgeukia afisa mifugo niliyefuatana naye. "Mwanangu, hiyo mashine ya kwenye simu ni shilingi ngapi? Huyu tangu juzi hakanyagi."

Afisa hakujibu mara moja. Aliuinua mguu, akauweka kati ya magoti yake, akaugusa ukuta wa ukwato kwa kiganja na kusema una moto. Akasugua udongo kwa brashi ya waya, akakwangua kwa kisu kilichopinda, tabaka baada ya tabaka, hadi kikaonekana kidoa cheusi kisichozidi punje ya mtama, karibu na kisigino. Alikifuata. Punda akatikisika mara moja, na usaha wa kijivu ukachuruzika ukiwa na harufu iliyotufanya sote tugeuze nyuso. Mzee akacheka kwa mshangao. Afisa akamwambia kwamba hapo mashine ya mawimbi isingefaa hata kama ingekuwepo, kwa sababu haipigwi kwenye kidonda chenye maambukizi. Jipu linatoka kwa kufunguliwa.

Mguu ulilowekwa kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ukafungwa kitambaa safi, na juu yake kikavishwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi kilichokazwa kwa kamba ili uchafu usiingie. Maagizo yalikuwa ni kurudia kuloweka kila siku, kumwita afisa iwapo uvimbe utapanda juu ya ukwato, na kutomfunga mkokoteni kwa wiki nzima hata akionekana mzima. Siku ya tatu punda alikuwa anakanyaga. Mzee alilitii agizo la mwisho kwa shingo upande, na maji ya wiki hiyo yaliletwa na mjukuu wake kwa baiskeli, madumu mawili mawili.